Joka dhidi ya mchawi, nani anashinda? Dhana potofu zinazoharibu huu mjadala

Mjadala wa nani angemshinda nani, joka au mchawi, vampaya au mtu-mbwamwitu, jeshi la mifupa au mchawi mmoja mwenye fimbo, mi naupenda sana na naona unastahili heshima kuliko unavyopewa, kwa sababu ukiufanya vizuri lazima ufikirie umbali, muda, uzito, eneo la pambano, na nani anajua nini kuhusu mwenzake. Shida ni kwamba wengi wanakuja na orodha ya nguvu tu, huyu ana moto, huyu ana radi, huyu hafi, wanajumlisha hapo afu wanatangaza mshindi. Kumbe masharti ya pambano ndo yanaamua karibu kila kitu. Hizi ni zile dhana ninazokutana nazo sana.

DHANA: Mkubwa anashinda, hakuna cha kujadili

Hii ndo inaongoza. Mtu anaweka jitu la mita 18 mbele ya shujaa wa kawaida na kwake mechi imeisha.

Ukweli ni kwamba mwili ukikua, uzito unaukimbia uwezo wa kuubeba. Galileo aliliandika hili tangu 1638. Mkuze mtu mara 10 kila upande, urefu, upana, unene, uzito wake unapanda mara 1,000, ila eneo la mfupa linalobeba huo uzito linapanda mara 100 tu, kwa hiyo kila kipande cha mfupa kinabeba mzigo mara 10 ya kawaida. Mwanabiolojia J. B. S. Haldane aliirudia hesabu hiyo mwaka 1926 akiongelea majitu ya urefu huohuo, na akasema mfupa wa paja wa binadamu unavunjika ukibebeshwa kama mara 10 ya uzito wa mwili wake. Yaani jitu lingevunjika mapaja kila likijaribu kupiga hatua, hata kabla shujaa hajachomoa upanga.

Kwa joka ni hivyohivyo na hapa ndo panaponoga. Quetzalcoatlus, reptilia aliyeruka enzi za dinosaria, alikuwa na mabawa ya kama mita 10 kutoka ncha hadi ncha na makadirio mengi ya uzito wake yanacheza kwenye kilo 200 hadi 250. Tandawala mkubwa, ambaye ni kati ya ndege wazito kabisa wanaoruka leo, anafika kilo 18 hivi. Sasa joka la ukubwa wa nyumba linaruka vipi? Una majibu mawili tu na lazima uchague moja kabla pambano halijaanza. Ama joka lako ni jepesi, mifupa ina uwazi ndani, mwili mwembamba, na hapo zimwi zito la ardhini likilishika bawa basi kazi imekwisha. Ama linaruka kwa uchawi, na hapo mchawi anayejua kufuta uchawi wa mwenzake anaweza kuliangusha chini bila kulirushia hata cheche moja. Watu wanataka vyote kwa pamoja, liwe zito kama tembo, liruke kama mwewe, na lisiguswe na uchawi wowote, afu wanashangaa kwa nini joka lao halishindwi. Umelipatia kila kitu, litashindwaje?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao watu wanaigiza mashujaa na kupigana kwa sheria na dadu, uliotoka 1974, kwenye toleo la tano la 2014 ulichagua njia yake: moto wa joka hauhesabiki kama uchawi, kwa hiyo eneo linalozima uchawi haliuzimi. Mi naona ni uamuzi mzuri. Sio kwamba ndo ukweli wa majoka yote duniani, ila umesema wazi kabla ya vita.

DHANA: Mchawi anapiga kutoka mbali, joka halimfikii

Hapa naomba tupige hesabu taratibu kwa sheria za toleo hilohilo. Raundi moja ni sekunde 6. Joka jekundu lililokomaa linaruka futi 80 kwa raundi, na likiamua kukimbiza tu bila kushambulia linaenda futi 160. Mpira wa moto wa mchawi unafika futi 150. Pumzi ya moto ya joka inafika futi 60, kama mita 18.

Weka joka futi 460 kutoka kwa mchawi, uwanja wazi, joka linaanza. Raundi ya kwanza linabaki futi 300, mchawi anatazama tu, mpira wake haufiki. Raundi ya pili linabaki futi 140. Sasa mchawi ana nafasi, moja. Raundi ya tatu joka linasogea futi 80, linabaki 60, linafungua mdomo. Ile "mbali" ambayo watu wanaiamini hivyo imetoa uchawi mmoja tu wa kurusha, na kama mchawi wako alichagua mpira wa moto basi ameupoteza, joka jekundu haliungui kwa moto hata kidogo. Pumzi ile kwa wastani inatoa madhara ya pointi 63. Mchawi mkuu kwenye kitabu cha viumbe cha toleo hilo ana pointi za uhai 99, kwa hiyo anaweza kubaki hai, lakini mchawi wa levo za chini anakuwa majivu. Na hata uchawi wa aina nyingine, ule wa kulazimisha adui agande, joka hilo lina haki ya kuukataa mara tatu kwa siku hata kama lilishindwa kujikinga.

Hii haimaanishi mchawi hana lake. Mhamishe. Mtoe uwanjani mweke ndani ya pango lenye kona, mpe siku nzima ya kujiandaa, mwambie rangi ya joka linalokuja, na hesabu yote inageuka. Mchawi anaishi kwa taarifa na maandalizi, joka linaishi kwa nafasi ya kuruka na kushtukiza. Kwa hiyo mtu akikuuliza nani anashinda, mrudishie swali: wamekutana wapi, na nani alijua kwamba mwenzake anakuja?

DHANA: Mtu wa kawaida hawezi kuua joka

Masimulizi ya zamani yanasema tofauti kabisa, na yanaeleza na namna. Sigurd kwenye masimulizi ya Waskandinavia hakwenda kupigana na Fafnir uso kwa uso, alichimba shimo kwenye njia ambayo joka lilizoea kupita kwenda kunywa maji, akaingia humo akasubiri tumbo lipite juu yake, akachoma kutokea chini. Kuna kipande nakipenda sana, kabla ya kazi anatokea mzee mmoja anamwambia asichimbe shimo moja, achimbe kadhaa, ili damu ipate pa kwenda isije ikamfunika mle ndani. Ukiona simulizi inafikiria damu itaenda wapi ujue hawa watu walikuwa wanafanya mjadala huuhuu wetu, na waliufanya kwa umakini.

Beowulf naye, shujaa wa utenzi wa kale wa Kiingereza, mfalme mzee aliyetawala miaka 50, alijua ngao ya mbao itaungua akaagiza ya chuma. Upanga wake ulivunjika hata hivyo, wenzake wakakimbilia msituni, akabaki kijana mmoja, Wiglaf, ambaye ndiye aliyechoma joka sehemu ya chini mpaka moto ukapungua, Beowulf akamalizia kwa kisu. Joka lenyewe lilipopimwa lilikuwa na urefu wa futi 50. Wawili kwa mmoja, vifaa vimeandaliwa mahsusi, na bado mfalme alikufa kwa sumu ya kuumwa shingoni.

DHANA: Vampaya anakufa kwa jua na mtu-mbwamwitu anakufa kwa fedha tu, tangu enzi

Hizi mbili zinaharibu mapambano mengi kwa sababu mtu anaanza mechi asubuhi afu anasema vampaya kaisha. Dracula wa kwenye riwaya ya 1897 anatembea mchana, nguvu zake zinapungua tu, hageuki majivu. Jua linaloua lilikuja na filamu ya Nosferatu mwaka 1922. Kwa hiyo taja ni vampaya yupi, maana huyu wa 1897 saa sita mchana ni adui tofauti kabisa na yule wa sinema.

Mtu-mbwamwitu ndo usiseme. Petronius, mwandishi wa Roma ya karne ya 1, ana kisa cha askari anayegeuka mbwa mwitu usiku wa mbalamwezi na kwenda kushambulia mifugo, mtumwa mmoja akamchoma shingoni kwa mkuki wa kawaida, na baadaye huyo askari anakutwa kitandani daktari anamtibu shingo. Mkuki wa kawaida tu, hakuna fedha popote. Kwenye masimulizi ya Waskandinavia kuna wanaogeuka kwa kuvaa ngozi ya mbwa mwitu, sasa kwa huyo mpango wa mchawi ni kumvua ngozi au kuichoma moto, risasi ya fedha ya nini?

DHANA: Jeshi kubwa la mifupa lazima limzidi mchawi mmoja, au kinyume chake, wadogo hawahesabiki

Zote mbili ni potofu. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliweka hesabu yake wazi mwaka 1916 akifikiria vita vya silaha za kurusha: pale ambapo kila mmoja anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya jeshi inakwenda na idadi yake kuzidishwa kwa yenyewe. Mifupa 100 yenye pinde dhidi ya 50, ubora sawa, ile 100 inaimaliza ile 50 na inabaki na kama 87. Inapoteza 13 tu! Ili wale 50 watoshane nao kila mmoja anatakiwa awe bora mara nne, sio mara mbili kama watu wanavyodhani.

Lakini kwenye mapigano ya mkono kwa mkono mahali pembamba, daraja, mlango, ngazi, wanaopigana ni wale wa mbele tu na wengine wanapanga foleni nyuma, kwa hiyo faida ya wingi inashuka sana. Ndo maana mchawi mmoja mwenye akili hasimami uwanjani, anasimama mwisho wa korido. Ukimweka uwanjani dhidi ya mishale 100 umeshamuua wewe mwandaaji, sio mifupa.

DHANA: Asiyekufa hashindwi

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayofunga mijadala mingi isivyostahili, mtu anasema "kiumbe wangu ni wa milele" na watu wananyamaza. Msinyamaze! Hydra wa Lerna, nyoka mwenye vichwa vingi wa masimulizi ya Wagiriki, alikuwa na kichwa kimoja kisichokufa na bado Heracles alimshinda, mpwa wake Iolaus akichoma shingo kwa moto kila kichwa kikikatwa kisiote tena, na kile kichwa cha milele wakakizika chini ya jiwe zito. Koschei wa masimulizi ya Warusi kifo chake kimefichwa ndani ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku, kwa hiyo vita na Koschei ni vita ya upelelezi, upanga hauna kazi pale. Fumo Liongo silaha hazikumpata mpaka ilipojulikana kwamba ni sindano ya shaba kitovuni, na aliyeitumia alikuwa mtu wa damu yake. Na yule jini wa kwenye chupa alirudishwa ndani na mvuvi maskini kwa swali tu, kwamba haamini mwili mkubwa hivyo uliwahi kuenea humo. Jini akaingia kuonyesha. Kifuniko.

Kwa hiyo kabla ya kupanga pambano lolote semeni kushinda ni nini. Kuua? Kufungia? Kukimbiza? Kushika daraja mpaka wenzako wapite? Mchawi anayeshindwa kwa kipimo cha kuua anaweza kushinda vizuri tu kwa kipimo cha kufungia.

Na sare iruhusiwe jamani, watu wanaichukia bila sababu. Thor, mungu wa Waskandinavia, kwenye Ragnarok, vita vya mwisho vya miungu, anamuua nyoka Jormungandr, anapiga hatua tisa, anaanguka kwa sumu yake. Gandalf, mchawi wa riwaya ya The Lord of the Rings, na Balrog, pepo la moto, walianza tarehe 15 Januari kwa kalenda ya hadithi yenyewe na wakamaliza tarehe 25, siku 10, upanga ukitumika sambamba na uchawi, na wote wawili walikufa pale, kurudi kwa Gandalf ni jambo lililokuja baadaye na halikutokana na nguvu zake mwenyewe. Mtu akikuletea pambano la aina hiyo na kukulazimisha uchague jina moja, kataa, mwambie wote wamekufa na mwonyeshe hesabu yako.