Sufuria Nyeusi kwa Ndani Haijaharibika

Sufuria ya aluminiamu ikipiga weusi kwa ndani, wengi huamini imechafuka. Inatolewa nje, inashikiwa stilwaya na mchanga, inasuguliwa mpaka ing'ae. Kumbe hapo ndipo inapoliwa. Aluminiamu ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba unaoikinga, na maji yakichemshwa humo mara kwa mara, utando unakua na kuwa mweusi. Itazame sufuria ya chai: weusi unaishia palepale maji yanapofika. Hauna madhara. Sasa pika nyanya nyingi au ukwaju humo uone: inatoka nyeupe bila kuguswa na stilwaya, kwa kuwa ukali umekula ule utando ukaingia kwenye mchuzi. Kwa hiyo ioshe kwa sponji na sabuni, na mchuzi wa ndimu usiulaze humo hadi kesho yake.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema aluminiamu inaleta ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Hofu hiyo ina miaka mingi, lakini tafiti hazijathibitisha kwamba kupikia sufuria hizi kunausababisha. Figo nzima hutoa sehemu kubwa ya aluminiamu inayoingia mwilini. Mwenye maradhi ya figo ndiye afuate ushauri wa daktari wake.

Linaloniumiza mimi ni jingine, nalo halisemwi sana: imani kwamba sufuria ikiwa nzito basi ni salama. Sufuria nyingi nzito mitaani ni za kusubu, yaani za kuyeyushwa na kumiminwa. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, hivyo fundi mwenye tanuri la mkaa na kalibu ya mchanga anaweza kuyeyusha vipande vya injini na vyuma chakavu vya kila aina akamimina sufuria nzuri kabisa kwa macho. Lakini ndani ya chakavu hicho madini ya risasi (lead) yanaweza kuwemo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi yake vilitoa risasi. Risasi haionekani wala haina harufu, na kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kazi ya mafundi wetu naiheshimu, ila sufuria ya kusubu usiyojua imetokana na nini, ichemshie maji ya kuoga. Ya chakula nunua iliyotengenezwa kwa bati la aluminiamu, tena lililo nene. Igeuze, bonyeza katikati ya kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea, iache hapohapo dukani: moto wa gesi utakibinua, na sufuria itakuwa inacheza jikoni kila ukisonga ugali.

Halafu kuna stili, ambayo watu huichukulia kuwa jibu la kila kitu. Kudumu inadumu, na mchuzi wa nyanya au wa ukwaju mahali pake ni humo. Ila stili husafirisha moto vibaya. Aluminiamu inaishinda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana sufuria nyembamba ya stili inaunguza wali wa nazi katikati huku pembeni bado mbichi. Itazame kwa ubavuni: nzuri ina kitako kinene kilichobandikwa, chenye aluminiamu katikati. Bei yake iko juu, na inastahili.

Fraipeni isiyoshika chakula ikichubuka, hofu kubwa huwa ni vile vipande kuingia tumboni. Vipande hivyo hupita tumboni bila kumeng'enywa. La kuogopa ni kuiacha tupu motoni: ikivuka nyuzi 260 utando huanza kuharibika, na ikizidi sana hutoa moshi wenye madhara. Jiko la mkaa si lake. Na kwa vile itachakaa tu, usiitolee hela nyingi.

Kikaango cha chuma cha chapati kikishika kutu, watu hukitupa. Kutu hiyo inatoka. Kisugue, kioshe kwa sabuni (sabuni ya vyombo haikidhuru), kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kidogo sana, kiache kwenye moto mkali mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne, kisha anza na chapati za mafuta mengi.