Kabla ya kusema gari lako la dizeli linakula mafuta, lipime

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa magari yameongezeka, na mengi yanafanana. Gari kubwa la familia la dizeli, la miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, limekataliwa kwa sababu ya moshi. Mwenyewe anatuambia kwamba gari kuukuu lazima linywe mafuta na lazima litoe moshi. La kunywa mafuta lina ukweli kiasi. La moshi si kweli, na tunaomba lisirudiwe tena mbele ya mkaguzi. Moshi mweusi ni masizi ya dizeli uliyoilipia ikashindwa kuungua sawasawa, kwa hiyo anayepuuza moshi asilalamikie ulaji.

Tuanze na kipimo, kwa sababu wengi wanaotupa takwimu hawakupima, walitazama mshale. Mshale wa tangi si kipimo. Jaza tangi mpaka bomba la kituo lijikate lenyewe, gari likiwa mahali tambarare, uandike kilometa. Endesha kilometa 300 au zaidi, urudi kwenye pampu ileile na ujaze vilevile. Kama umetembea kilometa 400 na zimeingia lita 46, unapata kilometa 8.7 kwa lita. Rudia mara tatu ndipo utoe hukumu. Angalia na tairi pia. Gari lililotoka kiwandani na tairi za 265/70R16 likivishwa 265/75R16, kila mzunguko wa tairi unasogeza gari kwa takriban asilimia 3.4 zaidi, lakini odomita, yaani kihesabu kilometa, haina habari. Zile kilometa 400 kwa kweli zilikuwa karibu 414, na ulaji wako ni kilometa 9 kwa lita. Tumeona watu wameshusha pampu nzima ya dizeli ya injini kutafuta hitilafu iliyokuwa kwenye tairi.

Gari lenye tani mbili na zaidi, injini ya lita 3 hadi 4.2, likitembea kilometa 8 au 9 kwa lita halina ugonjwa. Uzito huo na bodi ile ya sanduku havitengenezwi gereji. Aina ya injini nayo ina sehemu yake. Land Cruiser 80 ilipotoka mwaka 1990 ilikuwa na injini mbili za dizeli za lita 4.2. Ile ya 1HZ haina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na dizeli yake huanza kuungua ndani ya chemba ndogo iliyo juu ya silinda, ambako joto jingi hupotelea kwenye kuta. Ile ya 1HD-T ina tabo na hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Wengi huamini yenye tabo ndiyo mlafi, kumbe kwa kazi ileile huwa inatumia mafuta kidogo zaidi.

Mahali ambapo pesa inapotea bure ni kwenye matengenezo, na hapa naomba fundi na mwenye gari wasome pamoja. Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ikitolewa "ili injini isichemke", injini hiyo hufanya kazi ikiwa baridi siku zote. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Silinda ikiwa baridi uunguaji huwa mbovu, ulaji unapanda na silinda zinalika. Kama gari linachemka, tatizo liko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji, na ndiko pa kutengeneza. Kosa jingine ni kukaza skrubu ya pampu ya nozeli, inayopeleka dizeli kwenye silinda, ili iongeze dizeli na gari "liamke". Injini isiyo na tabo hupata hewa ileile tu. Dizeli ikizidi hewa hiyo inageuka masizi. Chujio la hewa lililoziba na nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza ukungu huleta matokeo hayohayo.

Kuna mambo mawili ambayo hata mafundi wazuri huyapita. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwa moja ina joto kuliko wenzake, huenda breki inashika na injini inaburuta gurudumu. La pili ni taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ya otomatiki. Ikiwaka muda wote, gia ya juu kabisa haiingii. Bonyeza kitufe cha O/D, basi.

Kwa dereva, spidi ndiyo kubwa. Ukitoka kilometa 80 kwa saa hadi 110, upinzani wa hewa unakaribia kuongezeka mara mbili, na kerea tupu juu ya paa inauongeza zaidi. Kuteremka mlima katika nyutro hakuokoi chochote. Ukibaki kwenye gia huku umeachia mafuta, magurudumu ndiyo yanazungusha injini na pampu inakata dizeli. Ukiweka nyutro, injini inadai mafuta ili isizimike, nawe umezipa breki mzigo wote wa tani mbili. Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta hazifanyi kazi. Na kuchanganya mafuta ya taa kunaharibu pampu inayotegemea dizeli kuilainisha. Tena katika nchi nyingi mafuta hayo hutiwa alama, kwa hiyo sampuli ya tangini inaweza kumfikisha mwenye gari kwenye kosa la kodi, ambalo halihusiani kabisa na ukaguzi wetu.

Sasa kipimo chenyewe cha moshi. Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo soma ya kwako. Ya Umoja wa Ulaya ni mfano mzuri. Oili ya injini iwe imefika angalau nyuzi 80. Gari likiwa limesimama, injini hukanyagwa hadi mzunguko wake wa juu kabisa, mara kadhaa, na huchukuliwa wastani wa vipimo visivyopungua vitatu vya mwisho. Kinachopimwa ni jinsi moshi unavyozuia mwanga: kikomo, pale ambapo mtengenezaji hakuandika chake kwenye gari, ni 2.5 (kwa kila mita ya moshi) kwa injini isiyo na tabo, 3.0 kwa yenye tabo, na 1.5 kwa magari ya kuanzia katikati ya 2008, au pungufu kwa mapya zaidi. Kasoro zina madaraja matatu. Ndogo haizuii gari kufaulu. Kubwa hulifelisha, na lazima lirudi kupimwa ndani ya muda usiozidi miezi miwili. Ya hatari hulifelisha pia, na inaweza kulitoa barabarani papo hapo. Kuahidi mdomoni kwamba utatengeneza hakubadilishi daraja, na mkaguzi hana mamlaka ya kulibadilisha.

Kwa kuwa injini inafikishwa mzunguko wa juu kabisa, hali ya mkanda wa taimingi, unaooanisha valvu na pistoni, ni muhimu. Injini zote mbili za Land Cruiser tulizozitaja zina mkanda huo; injini ya TD42 ya Nissan Patrol hutumia gia badala ya mkanda. Mkanda uliopitiliza kilometa zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari unaweza kukatika wakati wa kipimo na kuua injini, na ndiyo maana mkaguzi anaweza kukataa kuanza. Njoo na kumbukumbu ya siku ulipobadilishwa, na oili iliyo kwenye kiwango. Usilete gari lililolala baridi getini, maana litakaa kwenye foleni mpaka lipate joto.