Mchicha wa bondeni: risasi na kadimiamu haziishi kwa kuchemsha

Watu wanatuuliza sana hapa maabara, mchicha wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ukiuchemsha vizuri si sumu inaisha? Haiishi jamani. Vijidudu vya kinyesi kweli vinakufa kwenye moto, ila risasi (lead) na kadimiamu ni metali, haziungui wala hazipotei na mvuke, unazila kama zilivyo.

Mto Msimbazi unatokea milima ya Pugu, unashuka Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani mpaka baharini, na njia nzima unapokea maji ya viwandani, oili chafu ya magereji, maji ya vyoo na taka za kila aina. Wakulima wanachota hayo hayo kumwagilia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tope la mafuriko. Masika yakipita bondeni linabaki tope jeusi laini, na wakulima wanalipenda kwa sababu mchicha na matembele vinanawiri humo hata bila samadi, majani mapana, kijani kimekolea. Sasa metali nzito zinashikamana zaidi na chembe laini za udongo kuliko mchanga, kwa hiyo tope hilohilo zuri ndo linabeba mzigo. Na mboga kunawiri siyo ushahidi wa usalama, kiwango cha juu cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo, hapo jicho wala ulimi haung'amui kitu.

Hizi mbili zinatofautiana. Risasi nyingi inakaa juu ya jani, vumbi la barabara na udongo unaorukia majani wakati wa kumwagilia, kwa hiyo osha na maji safi mara mbili tatu, itapungua. Usipuuze hilo kama una watoto, mwili wa mtoto unanyonya risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, inaharibu ubongo na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema hakuna kiwango salama. Kadimiamu yenyewe inapandia kwenye mizizi mpaka ndani ya jani, osha hadi kesho haitoki, ikishaingia mwilini inajikusanya kwenye figo, nusu yake tu inachukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Kule Toyama, Japani, maji ya mgodi yaliingia mashamba ya mpunga kupitia mto Jinzu, watu wakala ule wali miaka na miaka mpaka mifupa ikawa inavunjika ovyo, serikali yao ikaja kutamka mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu.

Sisemi wakulima wafukuzwe, wanasomesha watoto kwa hayo matuta. Udongo wenye tindikali ndo unaachia kadimiamu kirahisi, weka chokaa ya kilimo pH (kipimo cha tindikali) ifike 6.5 hadi 7, ongeza samadi iliyooza, na sehemu zenye hali mbaya achana na mboga za majani, panda nyanya au matango maana tunda kwa kawaida linabeba kidogo kuliko jani.

Kabla ya yote pima. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, siyo ya bati maana zinki yake inachafua sampuli, toa nusu kilo, anika kivulini, halafu muone afisa ugani au ulizia SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga. Waambie wazi unataka risasi na kadimiamu, kipimo cha kawaida cha rutuba hakizionyeshi.