Simu nayo ina hodi

Katika Surat An-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anaagiza watoto wasiobaleghe wapige hodi kabla ya kuingia kwa wazazi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya sala ya Isha. Aya ya 59 inaendelea: wakishabaleghe, wapige hodi kama wakubwa wao. Madrasa huifundisha kama adabu ya chumba, na ndivyo ilivyo. Haikushuka kwa ajili ya WhatsApp. Lakini mimi huanza nayo katika malezi ya simu kwa sababu inampa mzazi vitu viwili anavyovihitaji: saa na mlango.

Saa kwanza. Baada ya Isha simu ya mtoto, au ile ya mama anayoichezea, inazimwa data na kuwekwa chaji chumbani kwa wazazi mpaka Alfajiri iswaliwe. Chaja ndiyo yenye uamuzi: ikibaki kwenye soketi ya chumba cha watoto, simu italala huko huko. Nunua na saa ya kengele ya mezani, maana kisingizio cha kwanza utakachosikia ni "nataka iniamshe kuswali", na nani atakataa hapo? Mombasa, Unguja au Dar es Salaam mpango huu ni mwepesi, kwani karibu na Ikweta Isha haisogei sana mwaka mzima. Aliye London mwezi Juni asiisubiri adhana, Isha ya huko huingia usiku mno. Afuate saa ya ukutani, tuseme saa mbili.

Kwenye Android, programu ya Family Link hufunga simu yenyewe saa uliyopanga, na mtoto akitaka programu mpya, ombi linakuja kwenye simu yako. Inaharibikia wapi? Mwaka wa kuzaliwa. Mzazi anaona YouTube inambana mtoto wa miaka 9, anamfungulia akaunti nyingine kwa mwaka wa uongo. Kuanzia hapo mfumo unamhesabu mtu mzima na kinga za watoto zinaondoka, na mtoto amemwona babake akisema uongo ili mambo yaende.

Sasa mlango. WhatsApp yenyewe inataka mtu awe ametimiza miaka 13. Akifika, ingia Mipangilio, kisha Faragha, sehemu ya makundi, uruhusu waliomo kwenye orodha yake ya majina tu. Vinginevyo mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza kwenye kundi la watu 200. Halafu zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, upande wa data na wa Wi-Fi. Picha chafu nyingi humfikia mtoto hivyo, bila yeye kutafuta kitu. Kwa tovuti, Android ya toleo la 9 na kuendelea ina sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), yaani huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti. Andika humo family.cloudflare-dns.com na tovuti nyingi za ngono hazitafunguka. Haichuji yaliyomo ndani ya TikTok wala WhatsApp, VPN ya bure, yaani programu inayopitisha mtandao njia nyingine, huikwepa, na simu ya mtoto wa jirani haina habari nayo. Kwa hiyo somo la Luqman kwa mwanawe, la chembe ya hardali iliyo ndani ya jabali na Allah akaileta (31:16), kwamba hakuna kinachofichika Kwake, linaanza mapema kuliko simu yenyewe.

Hodi ina upande wa pili: mtoto naye aombe idhini kabla ya kumpiga mtu picha, na tena kabla ya kuituma. Dada akiwa hana ushungi ndani ya nyumba, hiyo ni sitara yake, picha isiitoe nje.

Kwa habari za kusambazwa, tumia Al-Hujurat aya ya 6, inayoamuru kuchunguza habari inayoletwa na fasiki. Mwoneshe alama ya mishale miwili juu ya ujumbe: umeshapita mikono mitano au zaidi. Ukiwa na hadithi na "tuma kwa watu 10", aulize imo kitabu gani, namba ngapi. Hakuna jibu, aufute au ampelekee ustadhi.

Na mzazi je? Sura hiyo hiyo, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Mzazi ni mchunga, ana haki ya kutazama, ila programu za kupeleleza kwa siri mimi sizipendekezi: mtoto akizigundua atatafuta laini ya pili. Kaeni pamoja dakika 15 kila Ijumaa baada ya Alasiri, simu ikiwa mkononi mwake, akuoneshe mwenyewe anaongea na nani.

Akikuonesha mtu mzima anayemwandikia usiku au kumwomba picha, usifute kwa hasira. Piga picha ya skrini ikiwa na namba na tarehe, ndipo umzuie mtu huyo, kisha upige 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto Kenya na Tanzania. Simu ya mtoto usiitaifishe siku hiyo. Kakwambia mwenyewe, ukimnyang'anya, akija mtu wa pili kumwandikia atamficha.