Je, wajua? Kwa nini usiku unamkuta nesi mmoja wodini wakati mtaani manesi wamejaa hawana kazi

Wifi yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku, tukapanda bajaji kutoka Makorora na beseni letu, kanga tano, pamba na glovu, tukafika kituo cha afya kimoja hapa hapa Tanga mjini. Taa zinawaka, geti liko wazi, ila nesi hayupo. Nikaita, nikaita tena, akatoka leba anakimbia na yeboyebo zake, kalamu ameichomeka kwenye nywele, mkononi kashika kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto. Akampima wifi, akasema "mama jitahidi utembeetembee, nina mwenzio ndani anasukuma", akarudi mbio. Wodi ya watoto ikaanza kuita na yenyewe. Alikuwa peke yake kwa vyote viwili.

Mimi usiku ule nilichemka. Nikasema hawa wengine wamelala huko ndani, kituo kizima mchana unaona manesi kumi hapa, usiku wanaenda wapi? Niliongea kwa sauti na yeye alinisikia, hakujibu.

Nilikosea, na nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza nilidhani wenzake wanakwepa. Nilipokuja kutulia na kuacha hilo la uvivu nikaingia kosa la pili ambalo watu wengi tunalo, nikadhani basi nchi haina manesi waliosoma, vyuo ni vichache, wasichana hawapendi sayansi, na kadhalika. Sasa jirani yangu hapa nyumba ya tatu ana stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu chuoni, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, na anapika chapati asubuhi. Darasani kwao anasema waliopata ajira ya serikali ni wachache, wengine wako kwenye maduka ya dawa, wengine uwakala wa hela za simu, wengine wanajitolea hospitalini wanapewa nauli tu. Kwa hiyo manesi wapo, na wodi nayo iko tupu, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na hicho ndicho kitu kilichonifanya nianze kuulizia.

Tuanze na wale kumi wa mchana, maana hapo ndipo macho yanapotudanganya.

Chukulia una godauni la mkonge kule karibu na bandari, lina geti moja, na unataka pale getini awepo mlinzi mmoja masaa yote, usiku na mchana, Jumapili na Idi. Unahitaji kuajiri walinzi wangapi? Karibu kila mtu atakwambia watatu, masaa nane nane, hata mimi nilisema watatu. Haya piga hesabu. Wiki ina masaa 168. Sheria ya kazi inasema masaa ya kawaida ya mtu yasizidi 45 kwa wiki. 168 gawanya kwa 45 unapata 3.7, yaani watatu tayari hawatoshi hata kabla hakuna aliyeumwa, kwa sababu ile hesabu ya masaa nane mara tatu imesahau kwamba mlinzi naye anapumzika siku moja au mbili kwa wiki na geti halipumziki. Halafu kila mmoja ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, weka hiyo unafika 4. Ongeza kuumwa, msiba, semina, na kama ni mwanamke akajifungua ana siku 84. Unakaribia watano. Walinzi watano kwenye karatasi ya mishahara, getini anaonekana mmoja.

Sasa badala ya geti weka kitanda cha leba. Nesi mmoja unayemuona saa nane usiku, nyuma yake wanatakiwa wawepo manesi wanne au watano walioajiriwa. Kituo chenye manesi kumi kinaonekana kimejitosheleza ila mtoe nesi mkuu wa kituo anayefanya kazi asubuhi tu kwa sababu ya ripoti na dawa, toa wawili wa kliniki ya mama na mtoto ambao nao ni wa mchana, wanabaki saba. Saba mara 45 ni masaa 315, gawanya kwa 168, hawafiki hata wawili kwa zamu, na likizo bado hujaitoa. Hao wawili ndio leba, wodi ya wazazi, watoto, na wanaume. Zamu ya mchana ikiongezwa mtu maana wagonjwa ni wengi, usiku anabaki mmoja. Niliyemfokea alikuwa ni matokeo ya kugawanya. Vituo havifanani na rosta hazifanani, lakini hesabu ya wiki haibadiliki popote.

Haya, si waajiriwe? Hapo ndipo siasa inapoingia, na simaanishi chama gani. Kuna neno la kiofisi, ikama, yaani idadi ya watumishi ambao kituo kinatakiwa kuwa nao. Ikama ikisema manesi ishirini haina maana ishirini wana mishahara. Mpaka kibali cha ajira kitoke Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, na kibali kinategemea fungu la mishahara kwenye bajeti ya mwaka ule. Pengo kati ya ikama na kibali ndimo alimo jirani yangu na chapati zake.

Na jengo ni rahisi kupata kuliko nesi. Jengo unalipa mara moja, linakatwa utepe, linapigwa picha. Nesi unamlipa kila mwezi mpaka afike miaka 60 halafu kuna pensheni. Ni kama mtu akuzawadie jenereta, unamshukuru, ila petroli ya kila siku ni juu yako. Mkopo wa IMF wa 2021, ile trilioni 1.3 ya Uviko, ulijenga madarasa na majengo ya dharura na wagonjwa mahututi, na tozo za miamala ya simu za mwaka huo huo zikajenga vituo vya afya kwenye tarafa. Yalihitajika, siyapingi hata kidogo. Lakini kila mlango mpya wa wodi unataka wale watano watano.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha 1967 serikali ilisambaza zahanati vijijini, na kuanzia 1977 mpaka 1991 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku, kwa hiyo mwajiri alikuwa serikali pamoja na mashirika ya dini, na nesi akimaliza chuo alikuwa anapangiwa kituo moja kwa moja. (Hata Teule pale Muheza jina limetokana na hilo, ni hospitali ya kanisa iliyoteuliwa kuwa ya wilaya.) Miaka ya 1990 ikaja kubana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, milango ya ajira ikafungwa. Ikafunguliwa, vyuo binafsi vikaongezeka, halafu 2016 ajira zikasimama tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wa sekta mbalimbali wenye vyeti vya kughushi. Kila mlango ukifungwa wanafunzi hawaachi kuhitimu.

Shirika la Afya Duniani linataja madaktari, manesi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 kama kiwango ambacho nchi inatakiwa ifikie. Mi hiyo namba naichukua kwa tahadhari kidogo, ni wastani, haikwambii nani yuko zamu. Wilaya inaweza kuonekana ina watu wa kutosha kumbe wako mjini wote, kwa sababu uuguzi hapa kwetu wengi ni wanawake, na mwanamke akiolewa anaomba uhamisho kumfuata mwenza, na mwenza mara nyingi kazi yake iko mjini. Hilo limezikuta zahanati za huko juu milimani zaidi ya sisi wa pwani.

Kauli mbaya za baadhi ya manesi zipo, sizifichi, nimezisikia kwa masikio yangu. Ila nataka tutenganishe nesi mwenye mdomo mbaya na nesi asiye na mwenzake, maana mgonjwa kitandani anawaona sawa, na nesi ndiye serikali iliyo karibu, waziri hafikiki ila huyu wa yeboyebo anafikika, kwa hiyo matusi ya bajeti anayabeba yeye.

Wifi alijifungua saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Yule yule nesi alimzalisha. Niliporudi nyumbani jirani alikuwa ameshawasha jiko. Mashine yake ya presha ya chuoni anaiweka kwenye kopo la unga isipate vumbi, na kila asubuhi wazee wawili watatu wa mtaa wanakunja mikono ya kanzu pale kwenye benchi la chapati, anawapima, anawaandikia namba kwenye kikaratasi, halafu anageuza chapati.