Mrudishieni mtoto yai lake

"Daktari, nimeshamwachisha mayai, maziwa, samaki na karanga, lakini bado anajikuna usiku kucha."

Maneno haya nayasikia kliniki hapa Dar karibu kila wiki, na anayeyasema huwa ni mama aliyechoka kwelikweli, aliyefanya kila alichoambiwa na mama mkwe, jirani na muuza duka la dawa. Mtoto ana mwaka na miezi kidogo, anakula uji wa sembe mtupu na ndizi. Nikifungua kadi ya kliniki, mstari wa uzito umelala tangu mwezi alioanza kunyimwa. Ngozi haijapona, na sasa kuna utapiamlo juu yake.

Ugonjwa huu ni pumu ya ngozi, yaani ekzema, na hauanzii kwenye sahani, unaanzia kwenye ngozi. Mtoto huyu, mara nyingi kwa kurithi, ana ngozi ambayo tabaka lake la juu halishiki maji vizuri wala halizuii vichokozi kupenya. Ulizeni ndani ya ukoo, mara nyingi hamtakosa mwenye pumu ya kifua au mwenye kupiga chafya kila akifagia. Hapo ongeza jasho la Februari, maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ileile ya mche iliyofulia nguo asubuhi, pafyumu na nguo za nailoni. Vitu hivyo ndivyo vinavyomkosesha usingizi, na hakuna hata kimoja kinacholiwa.

Aleji ya chakula ipo, sikatai, na huandamana na pumu ya ngozi. Lakini hata miongoni mwa watoto ambao ngozi yao imeathirika sana, wenye aleji ya chakula ni kama theluthi tu. Tena aleji ya kweli haijifichi. Mtoto anakula, na kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili anatoka mabaka yaliyovimba, midomo na kope zinajaa, anatapika, anakohoa au anapumua kwa shida. Akila tena, yanarudi yaleyale. Yai la Jumapili halina kesi ya kujibu kwa mkuno wa Jumatano. Na wekundu unaozunguka mdomo baada ya nyanya, chungwa au nanasi ni asidi iliyochoma ngozi kavu. Mpakeni mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya kula, mtaona.

Wapo wachanga wachache ambao maziwa ya ng'ombe huwasha ngozi yao siku moja au mbili baadaye. Hao tunawatambua kwa kuondoa chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha kukirudisha chini ya uangalizi wa daktari. Kimoja, si vinne. Na kukirudisha ni nusu ya kipimo chenyewe. Anayeondoa bila kurudisha hajapima chochote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kumnyima mtoto chakula kunaweza kumletea aleji ambayo hakuwa nayo. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha majibu ya utafiti wa watoto 640, wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya yai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu wakanyimwa kabisa. Walipofika miaka 5, walionyimwa wenye aleji ya karanga walikuwa asilimia 17.2, na waliolishwa asilimia 3.2. Maelezo yanayokubalika ni haya: protini ya chakula ikiingia kwa mdomo, mwili unajifunza kuizoea, ikiingia kupitia ngozi iliyochubuka, mwili unajifunza kuipiga vita. Kule Japani watu zaidi ya 2,000 walipata aleji ya ngano kwa sababu ya sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano. Walikuwa wakila ngano miaka yote bila shida.

Sasa tazameni tunachofanya sisi. Mtoto amekatazwa kula yai, kisha anapakwa ute wa yai kwenye michubuko. Amekatazwa maziwa, kisha anaogeshwa maziwa mabichi. Ni kinyume kabisa. Mrudishieni yai lake, lililoiva vizuri. Mrudishieni karanga zilizosagwa laini kwenye uji wa lishe. Nzima asipewe hata mara moja kabla ya miaka 5, atapaliwa. Kama ngozi yake imeathirika sana, au alishawahi kuvimba kwa yai, yai hilo na karanga za kwanza visubiri ushauri wa daktari. Na mama anayenyonyesha ale samaki wake na mayai yake. Kumfunga mdomo mama hakuponyi ngozi ya mtoto.

"Lakini kipimo cha damu kimeonyesha ana aleji ya vyakula 20." Mara nyingi karatasi ninayoletewa ni kipimo cha IgG, moja ya kingamwili za damu. Hiyo inaonyesha kwamba mtoto amekula vyakula hivyo, basi. Hata IgE, kingamwili ambayo ndiyo inayohusika na aleji, inaweza kuwa juu kwa mtoto anayekula chakula hicho kila siku bila tatizo. Hatutibu karatasi. Fedha hiyo ingenunua mafuta ya miezi kadhaa.

"Cha asili hakidhuru." Limau na kitunguu saumu vinaunguza, nimeona malengelenge. Mafuta ya karafuu yanachoma. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi wanayaheshimu, yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, wakati ya alizeti hayakulidhuru na yaliongeza unyevu. Alizeti ya Singida ipo kila duka! Mafuta ya nazi nayo yana ushahidi: huko Ufilipino watoto 117 walifuatiliwa kwa wiki 8, na waliopaka mafuta bikira ya nazi walipata nafuu kuliko waliopaka mafuta ya madini. Yawe safi, yasiwe yamechacha, yasiwe na manukato.

Dawa ya nyumbani ninayoipigania ni hii. Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni isiyo na harufu, na iishie kwapani, shingoni na sehemu inayofunikwa na nepi. Mfute kwa kugusagusa, usimsugue, na ndani ya dakika 3 mpake mwili mzima, si pale panapowasha tu. Usiku mafuta ya mgando. Mchana wa joto mafuta mepesi, maana mgando na jasho huleta vipele vya joto. Wengi wanapaka kidogo mno. Mtoto mwenye ngozi kavu mwili mzima anahitaji angalau gramu 250 kwa wiki.

"Krimu ya steroidi inamaliza ngozi." Inayomaliza ngozi ni kali kama klobetasoli, inayouzwa kiholela na kupakwa usoni miezi mitatu. Nyepesi, iliyoandikwa na daktari kwa siku chache, inazima moto ambao mafuta pekee hayauzimi.

Watu wazima nao: "Nina aleji ya samaki, nilivimba nilipokula vibua." Wenzako mezani je? Kama nao walipata wekundu wa uso na kichwa kuuma, samaki alikaa juani bila barafu, akajaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na moto wa jikoni hauiondoi. Vibua na jodari wanaongoza kwa hilo. Nunueni asubuhi mapema pale soko la samaki la Feri, waliolala kwenye barafu.

La mwisho ni maziwa. Mtu amekula kamba, midomo imevimba na kifua kinabana, na nyumbani wanamnywesha maziwa "kuua sumu". Maziwa hayafanyi kazi hiyo, na anaweza kupaliwa nayo. Vidonge vya aleji havitoshi hapo. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja, haraka. Kama anapumua kwa shida, msimlaze kwa nguvu, aketi. Kama anazimia, mlazeni na miguu iinuliwe. Kodini bajaji au gari lolote lililo karibu, mfike hospitali ya kwanza mtakayoikuta njiani.