Kwa nini paka wa rangi tatu karibu kila mara huwa jike

Ninafundisha jenetiki, na kila ninapofika kwenye kromosomu za jinsia (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) huanza na swali la chemsha bongo: kwa nini paka mwenye mabaka meusi, ya rangi ya chungwa na meupe karibu kila mara huwa jike? Wengi hudhani ni bahati tu. Wachache husingizia homoni. Jibu lenyewe tumelipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa wanawake wawili ambao hawakuwahi kuonana, kwani wa kwanza alifariki miaka 13 kabla ya wa pili kuzaliwa.

Wa kwanza ni Nettie Stevens, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1861, ambaye alikuwa na miaka 35 alipoingia chuo kikuu cha Stanford na ambaye alipata shahada ya uzamivu mwaka 1903 katika chuo cha Bryn Mawr. Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na mambo ya nje, kama vile chakula cha mama au joto. Stevens alimchukua mbawakawa wa unga, yule ambaye mabuu yake hula nafaka iliyohifadhiwa, akazihesabu kromosomu zake chini ya hadubini. Seli za jike zilikuwa na kromosomu 20 kubwa, ilhali za dume zilikuwa na 19 kubwa na moja ndogo sana. Kwa hiyo nusu ya mbegu za dume hubeba kromosomu 10 kubwa, na nusu nyingine hubeba 9 kubwa pamoja na ile ndogo. Yai likirutubishwa na mbegu yenye ile ndogo, huzaliwa dume. Aliyachapisha haya mwaka 1905, na kromosomu hiyo ndogo ndiyo tunayoiita Y; mwenzake mkubwa huitwa X.

Mwanabiolojia Edmund Wilson alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo mwaka huohuo kwa utafiti wake mwenyewe, na ni haki atajwe. Lisilo haki ni kwamba kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye, au hata mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan, ambaye mwanzoni aliitilia shaka nadharia ya kromosomu na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Stevens alikwisha kufariki kwa saratani ya matiti mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 50.

Ugunduzi huo ulizaa swali gumu zaidi. Jike ana X mbili, dume ana moja tu, na X ina mamia ya jeni ambazo Y haina. Inakuwaje basi jike asizalishe protini za jeni hizo maradufu? Dokezo lilipatikana Kanada mwaka 1949, Murray Barr na Ewart Bertram walipoona kidoa cheusi ndani ya viini vya seli za neva za paka jike, kidoa ambacho madume hawakuwa nacho. Naam, paka tena!

Aliyelitegua fumbo ni Mary Lyon, Mwingereza aliyesoma Cambridge wakati chuo hicho kilikuwa bado hakiwapi wanawake shahada kamili, haki waliyoipata mwaka 1948. Akiwa Harwell, kituo cha utafiti huko Uingereza, alichunguza mabaka katika manyoya ya panya jike, na mwaka 1961 akachapisha katika jarida la Nature makala fupi mno kwa uzito wake. Alisema kwamba kiinitete cha jike kingali kichanga, kila seli huizima X mojawapo bila mpangilio maalumu, na seli zote zitokanazo na seli hiyo huendelea kuizima ileile. X hiyo iliyozimwa ndiyo kile kidoa cheusi.

Sasa mrudie paka. Jeni ya rangi ya chungwa imo katika X. Jike aliyerithi X moja yenye rangi hiyo na nyingine isiyo nayo huwa na makundi ya seli yanayotumia hii na mengine yanayotumia ile. Ndipo mabaka yanapotokea. Weupe husababishwa na jeni nyingine isiyokuwa katika X. Dume, kwa kuwa ana X moja, hupata chungwa au weusi, si vyote viwili, isipokuwa yule adimu aliyezaliwa na XXY, yaani X mbili na Y moja, ambaye kwa kawaida huwa tasa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulizaliwa Texas mwishoni mwa mwaka 2001: paka wa kwanza wa kloni, yaani nakala iliyotokana na seli ya paka mwingine, aliyeitwa CC. Seli iliyotumika ilitoka kwa paka wa rangi tatu, lakini CC hakuwa na hata baka moja la chungwa, ingawa jeni zake zilikuwa zilezile, kwa kuwa X yenye chungwa ilikuwa imezimwa katika seli hiyo.

Wanafunzi hushangaa zaidi wanapoambiwa kwamba mwanamke naye ni mseto wa namna hiyohiyo. Upo ugonjwa wa kurithi, unaosababishwa na kasoro katika jeni moja ya X, ambao humnyima mwanamume tezi za jasho karibu mwili mzima. Mwanamke aliyerithi kasoro hiyo katika X moja tu hutokwa na jasho sehemu fulani za ngozi, na nyingine hubaki kavu. Akipakwa iodini na wanga, ambavyo hugeuka rangi vikikutana na jasho, mabaka hayo huonekana mgongoni mwake.